Kabla ya Kuilaumu Kadi

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowaumiza vijana wengi wanaoishi kwa kazi ya kompyuta, na linauma zaidi kwa sababu huja katika siku za furaha. Mtu amejinyima, amekusanya fedha kidogo kidogo, hatimaye akanunua kompyuta ya mezani iliyo mpya kabisa, yenye kadi ya grafiki ya nguvu. Labda anahariri video za harusi. Labda anachora nyumba za wateja wake katika sura ya pande tatu. Labda anapenda gemu, na hiyo ni haki yake. Anaiwasha, inawaka, moyo unatulia. Siku mbili tatu zinapita, kisha katikati ya kazi skrini inakuwa nyeusi. Feni zinavuma kwa nguvu, muziki bado unasikika kwenye spika, lakini picha hakuna. Anazima, anawasha, picha inarudi. Baada ya muda, giza tena.

Hukumu hutolewa palepale: kadi ni mbovu. Mwenye kompyuta anasema hivyo, rafiki yake anasema hivyo, na fundi wa mtaa wa pili, kabla hajashika hata bisibisi, anasema hivyo. Inawezekana wote wamesema kweli. Kadi mpya huharibika, na nyingine hutoka kiwandani zikiwa na kasoro. Ninachopinga ni kutoa hukumu kabla ya kupima, na ninapinga zaidi pale kompyuta inapokuwa mpya.

Nieleze kwa nini. Kompyuta ya zamani ikianza kusumbua, unayo pa kuanzia. Ilifanya kazi mwaka mzima, leo imekataa, basi unauliza kilichobadilika: kuna programu imeongezwa? Vumbi limejaa? Umeme ulikatika jana usiku? Kompyuta mpya haikupi nafasi hiyo, kwa kuwa haina jana. Vipande vyake vimetoka viwanda tofauti: prosesa kwa huyu, mazabodi kwa yule, pawa saplai kwa mwingine, vikakutana kwa mara ya kwanza juu ya meza ya muuzaji. Hakuna siku hata moja iliyothibitisha kwamba vinaelewana. Ni kama mgonjwa mgeni aliyefika zahanati bila kadi ya kliniki. Daktari mwangalifu hamwandikii dawa kwa kumtazama usoni. Kwa hiyo kwa kompyuta mpya kila kipande ni mshukiwa, na kadi ya grafiki ni mmoja wao tu.

Sasa, kwa nini kadi ndiyo hulaumiwa kwanza? Kwa sababu ndiyo inayotuonyesha kila kitu. Kila kinachoonekana kwenye skrini kimepita kwake. Kosa likizaliwa kwenye prosesa, kwenye ramu, kwenye pawa saplai au kwenye kebo ya skrini, sisi tutaliona kama kosa la picha.

Kuna kisa kimoja kikubwa kinachoonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu yote. Kampuni ya Intel ilitoa prosesa zake za kizazi cha 13 mwezi Oktoba 2022, na za kizazi cha 14 Oktoba 2023. Zilikuwa na kasi kubwa, zikanunuliwa na watu waliotaka mashine bora. Baada ya muda, baadhi ya waliokuwa na zile za daraja la juu, hasa Core i9, wakaanza kuona gemu zikijifunga zenyewe. Zilipojifunga ziliacha ujumbe kwenye skrini kwamba kumbukumbu ya video imekwisha. Kumbukumbu ya video ni ile iliyomo ndani ya kadi ya grafiki. Watu wenye kadi za RTX 4090, zenye gigabaiti 24, walikuwa wanaambiwa kwamba hazitoshi kuchezea gemu ya kawaida!

Wakafanya ambalo wewe na mimi tungefanya: wakaishuku kadi. Wakafuta draiva na kuiweka upya. Wakapunguza ubora wa picha. Tatizo likabaki, maana halikuwa kwenye kadi. Mwezi Aprili 2024 Nvidia, ambao ndio watengenezaji wa chipu za kadi zilizokuwa zinalaumiwa, wakawaambia waziwazi wateja wenye prosesa hizo: mkiuona ujumbe huu, zungumzeni na Intel. Mwezi Julai Intel wakasema prosesa zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita inavyofaa. Agosti wakatoa marekebisho ya kupitia BIOS, ile programu ya msingi ya mazabodi, na kuongeza waranti kwa miaka 2. Septemba wakaeleza zaidi kwamba volti na joto lililopita kiasi vilikuwa vinaichakaza sakiti ya saa ndani ya prosesa yenyewe. Marekebisho yalizikinga prosesa ambazo zilikuwa bado nzima. Iliyokwisha kuchakaa ilibidi ibadilishwe.

Ulitokaje basi ule ujumbe wa kumbukumbu ya video? Gemu kubwa huhifadhi picha na vitu vyake vikiwa vimebanwa ili visile nafasi. Zinapofunguka, prosesa ndiyo inayovifumua kabla ya kuvikabidhi kwa kadi. Prosesa iliyochakaa ilikosea hesabu katika kufumua, ikakabidhi takataka, na programu iliposhindwa kuzitumia ikatafuta sababu ya karibu na kuiandika kwenye skrini. Ujumbe ulieleza mahali kosa lilipogonga, si mahali lilipoanzia. Na waliogundua hilo mapema waligundua kwa kipimo rahisi sana: walipunguza kidogo kasi ya prosesa, bila kuigusa kadi, na gemu zikaacha kujifunga.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu fikira iliyomo ndani yake ndiyo ninayotaka muishike: badilisha kitu kimoja, acha vingine vyote kama vilivyo, halafu tazama. Mtu anayebadilisha kebo, draiva, ramu na mipangilio ya BIOS kwa siku moja anaweza kuiponya kompyuta yake asijue alichoiponya nacho, na ikirudia hatakuwa na pa kuanzia. Chukua daftari. Andika saa, ulichokuwa unafanya, kilichotokea, ulichobadilisha. Daftari hilo litakufaa tena dukani, nitafika huko.

Tuanze na macho kabla ya programu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, tazama nyuma ya kasha. Kebo ya skrini imechomekwa wapi? Huku nyuma kuna matundu ya HDMI ya aina mbili: yale ya juu, ya mazabodi, na yale ya chini yaliyolala, ya kadi. Watu wengi huchomeka juu. Kama prosesa ina grafiki yake ya ndani, picha itakuja, lakini kadi uliyoinunua kwa fedha nyingi inakaa bila kazi, gemu zinakwama, nawe unasema kadi ni mbovu. Kama prosesa haina grafiki ya ndani, kwa mfano zile za Intel ambazo jina lake linaishia kwa herufi F, skrini haitapata picha kabisa, na hapo utasema kadi imekufa. Kadi haina kosa.

Kisha fungua kasha. Gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke. Tazama kama kadi imekaa sawasawa kwenye sloti yake. Kadi za siku hizi ni nzito. Zile kubwa kabisa hufika kilo 2 na zaidi. Fikiria kompyuta iliyoungwa Kariakoo, ikapakiwa kwenye buti la basi kwenda Songea au Bukoba, na kadi hiyo imening'inia ndani, imeshikwa na sloti na skrubu mbili tu. Barabara nzima inatikiswa. Ikifika, inaweza kuwa imechomoka upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho halikioni upesi. Kompyuta inawaka, kwa sababu pini nyingi bado zinagusana, kisha inazingua kadi inapopata moto na vyuma kutanuka. Fungua skrubu, bonyeza kile kilimi cha mwisho wa sloti, itoe kadi, irudishe kwa kuisukuma sawasawa mpaka usikie kilimi kinajifunga. Hii ndiyo tiba ya kwanza, haina gharama, na ningependa kila muuzaji anayesafirisha kompyuta aiweke kadi kwenye boksi lake peke yake, amwachie mteja aichomeke mwenyewe.

Sasa umeme. Hapa nitakaa kidogo, maana kwetu hapa ndipo penye makosa mengi. Sloti ya mazabodi huipa kadi wati 75, basi. Zinazozidi hupitia kwenye plagi zinazotoka pawa saplai: plagi ya pini 8 huongeza wati 150. Kadi ya wastani kama RTX 3060 hutumia kama wati 170, na RTX 4090 hufika 450. Tena hizo ni wastani. Kwa vipande vidogo sana vya sekunde kadi huruka juu zaidi ya hapo, na pawa saplai ya bei rahisi, hata ikiwa imebandikwa karatasi ya wati 600, inaweza kushindwa kuyahimili marukio hayo. Ikishindwa, mara nyingi kompyuta huzimika yote kwa ghafla au hujiwasha upya, bila ujumbe wowote. Ukienda kwenye kumbukumbu za matukio za Windows utakuta Kernel-Power namba 41. Vijana huidaka namba hiyo wakidhani wamepata jibu. Inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa, sababu haiitaji.

Kwa hiyo tofautisha. Kompyuta nzima ikizimika wakati kadi inafanya kazi nzito, anza kuitazama pawa saplai. Skrini peke yake ikiwa nyeusi huku sauti ikiendelea, kadi, draiva na kebo ziko mbele kwenye foleni. Kama kadi yako ina matundu mawili ya umeme, tumia kebo mbili zinazotoka pawa saplai kila moja peke yake, usitumie kebo moja yenye vichwa viwili. Na sukuma plagi mpaka mwisho. Mwezi Oktoba 2022, RTX 4090 zilipotoka na plagi mpya ya pini 16 iliyoundwa kubeba hadi wati 600, zilionekana picha za plagi zilizoyeyuka. Mwezi uliofuata Nvidia wakasema wamepokea visa kama 50 duniani kote, na kwamba sababu waliyoiona ni plagi kutosukumwa mpaka mwisho. Wapo waliosema muundo wa plagi yenyewe unamwachia mtumiaji nafasi ndogo mno ya kukosea, na mimi nakubaliana nao. Hata hivyo kidole chako kinaweza kulinda kadi: sukuma, sikia inagota, kisha tazama kama kuna mwanya.

Tukitoka kwenye umeme, tuje kwenye alama za skrini yenyewe. Hapa kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Skrini ikionyesha madoa ya rangi, vijisanduku, mistari au maumbo yaliyochanika, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, kwa kitufe cha Print Screen, uihifadhi. Kisha itume kwenye simu yako uitazame huko. Madoa yakionekana kwenye simu, yalikuwa yameshaingia ndani ya picha kabla haijatoka kwenye kadi. Shaka ielekee kwenye kadi, hasa kumbukumbu yake, au kwenye draiva. Picha ikiwa safi kwenye simu, kosa limetokea njiani: tundu la kutolea picha, kebo, au skrini. Kisha piga picha ile ile kwa kamera ya simu, uwe na zote mbili.

Kebo mbovu ina tabia yake. Skrini hupotea sekunde moja au mbili, hurudi yenyewe, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hutokea zaidi ukiwa umeweka skrini kwenye hertz 144 au zaidi, na kebo ni ndefu na ya bei ya chini. Ishushe hadi hertz 60. Ukiona imetulia, nunua kebo nzuri kabla ya kununua ugomvi na muuzaji.

Madoa ya kweli ya kadi nayo yana historia. RTX 2080 Ti ilipotoka Septemba 2018, ikiwa na bei ya dola 1,199 kwa toleo la Nvidia wenyewe, baadhi ya wanunuzi wa mwanzo walianza kuona vijisanduku na mistari vikienea skrini nzima, kisha kadi ikafa. Kadi mpya, ya bei hiyo! Novemba mwaka huo Nvidia wakakiri kwamba kuna kadi chache za awali zilizopenya ukaguzi wa kiwandani zikiwa na kasoro. Nalitaja ili asiwepo wa kukwambia dukani kwamba kadi mpya ya kampuni kubwa haiwezi kuwa mbovu. Inaweza.

Kuhusu draiva nitasema machache. Windows huipa kadi sekunde 2 za kujibu. Isipojibu, huihesabu kuwa imekwama na kuianzisha upya draiva yake. Ndiyo maana skrini hukatika kidogo kisha ukaona ujumbe kwamba draiva iliacha kujibu. Ukikutana na skrini nyeusi, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Picha ikirudi, draiva ilikuwa imekwama. Kabla ya kuhukumu, ondoa draiva yote kwa programu iitwayo Display Driver Uninstaller, ukiwa katika hali salama ya Windows, huku intaneti imekatwa ili Windows isikuletee nyingine kwa nyuma. Kisha weka draiva iliyotoka kwa mtengenezaji wa chipu. Kama ya karibuni inasumbua, jaribu iliyoitangulia. Kadi inayozingua kwa draiva mbili tofauti zilizowekwa kwa usafi, siwezi tena kuisingizia draiva.

Ramu ndiyo mshukiwa asiyetajwa. Mafundi wengi wanaounga kompyuta huwasha mpangilio wa XMP au EXPO ndani ya BIOS ili ramu iende kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ni jambo zuri, ila kasi hiyo ni zaidi ya ile ya kawaida ambayo prosesa imehakikishiwa, na si kila mashine huihimili. Matokeo yake ni gemu kujifunga na programu za video kuanguka bila mpangilio, na lawama kwenda kwa kadi. Zima mpangilio huo, fanya kazi kama kawaida siku nzima, tazama. Kisha ipime ramu usiku kucha kwa MemTest86, inayojiendesha kutoka kwenye flashi bila Windows. Kosa hata moja tu ni kosa.

Tukiwa tumefika hapa na kadi bado inashukiwa, sasa tuipime yenyewe. Weka programu ya kuonyesha joto, GPU-Z au HWiNFO, halafu ipe kadi kazi nzito. Programu ya FurMark huikandamiza kwa mzigo mmoja usiobadilika. Dakika kumi na tano zinatosha. Lakini usiishie hapo. Kadi nyingine hustahimili mzigo ulio sawa na kuanguka pale mzigo unapopanda na kushuka, kama inavyokuwa ndani ya gemu au wakati wa kutoa video. Programu ya OCCT ina kipimo cha kumbukumbu ya video kinachohesabu makosa. Kadi nzima hupata sifuri. Ikiwa yako inapata makosa kila mara unapoirudia, huo ni ushahidi ambao muuzaji mwaminifu hawezi kuukataa.

Joto la chipu kati ya nyuzi 65 na 83 za Selsiasi wakati wa kazi nzito ni la kawaida kwa kadi nyingi, na sehemu yake ya moto kuliko zote huweza kuzidi hapo kwa nyuzi 10 hadi 20. Pengo likiwa kubwa zaidi ya hapo, jiulize kama kipoza joto kimekaa vizuri. Desemba 2022 kampuni ya AMD ilitoa kadi ya RX 7900 XTX, na baadhi ya wanunuzi wakaona sehemu hiyo ya moto inagonga nyuzi 110, feni zinapiga kelele na kadi inapunguza kasi. Ajabu yake ni kwamba kadi hizo zilikuwa na joto baya zaidi zikilala kuliko zikisimama wima. Januari 2023 AMD walieleza kwamba kundi la kadi lilitoka na vipoza joto ambavyo maji ya ndani hayakuwa ya kutosha. Hakuna draiva ambayo ingeponya hilo, na hakuna fundi wa kubadilisha pasta ya kupitishia joto ambaye angeponya hilo. Dawa ilikuwa kuzirudisha.

Kuna mambo mawili yanayowatia watu hofu bila sababu. La kwanza, feni za kadi kutozunguka kompyuta ikiwa imetulia. Kadi nyingi zimeundwa hivyo; feni huanza chipu ikipita nyuzi 50 au 60. La pili, mlio mwembamba kama wa mbu wakati wa gemu. Ni koili za umeme zinazotetemeka. Unakera, lakini peke yake si ugonjwa.

Ushahidi mzito kuliko wote ni kubadilishana. Tafuta rafiki mwenye kompyuta unayojua ni nzima, yenye pawa saplai ya kutosha. Ichukue kadi yako iingie kwake, ifanye kazi ile ile iliyoiangusha kwako. Kisha kadi yake iingie kwako. Fanya pande zote mbili, maana upande mmoja hauthibitishi vya kutosha. Kadi yako ikianguka kwake na ya kwake ikisimama kwako, shauri limekwisha, kadi ni mbovu. Kadi yako ikisimama kwake na ya kwake ikianguka kwako, iache kadi, rudi kwenye pawa saplai, ramu, mazabodi na prosesa. Zikisimama zote mbili pande zote, huenda kule kuzitoa na kuzirudisha ndiko kulikotibu, au tatizo ni la nadra; endelea kuandika kwenye daftari.

Kuna ubovu mwingine wa kadi mpya, nao ni kwamba si mpya, au si ile uliyoambiwa. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zimefanya kazi hiyo usiku na mchana zikaingia sokoni. Kadi ya namna hiyo inaweza kuwa bado nzima, nami siwakatazi kuinunua, ila muuzaji aseme ni iliyotumika na bei ifuate. Wengine huchukua kadi za kizamani sana na kuziandikia jina jipya kwenye programu zake za ndani, ili Windows izitambue kama kadi za kisasa. GPU-Z imewekewa uwezo wa kutambua nyingi za namna hiyo tangu 2018, na huandika wazi kwamba ni bandia. Programu hiyo hiyo ndiyo iliyofichua jambo la Februari 2025, pale baadhi ya kadi za RTX 5090 zilipokutwa na vitengo 168 vya kukamilisha picha badala ya 176. Nvidia wakasema zilizoathirika hazifiki asilimia 0.5, nazo zibadilishwe. Kadi hizo hazikuzimika wala kutoa madoa. Zilikuwa pungufu kimyakimya, na ni aliyelinganisha namba pekee aliyejua. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine, fungua GPU-Z ulinganishe kila namba na ile iliyotangazwa na mtengenezaji.

Sasa turudi dukani. Kadi nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi zimepitia Dubai, na waranti ya mtengenezaji inaweza isifike huku. Uliza kabla ya kulipa: waranti hii ni ya nani, ya muda gani, na kadi ikifa nitapewa nyingine au nitasubiri irudi ng'ambo? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda pia mlaji, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Ni vema muuzaji ajue kwamba wewe unajua. Lakini uende kwa adabu, na uende na ushahidi.

Usikubali mtu aifungue kadi iliyo ndani ya waranti. Usikubali aipashe moto kwa hita wala kwenye oveni ili kurudisha lehemu. Njia hiyo huifufua kadi kwa siku chache kisha ikafa moja kwa moja, na waranti imekwenda nayo.

Tatizo gumu kuliko yote ni la kadi inayoanguka mara chache. Unaipeleka, muuzaji anaiwasha dakika kumi, inaonyesha picha nzuri, anakwambia haina neno, chukua. Hapo ndipo daftari linapokufaa. Mwambie: ninapotoa video kwa programu hii, baada ya kama dakika arobaini, joto likiwa hapa, skrini inazimika, hii hapa video niliyorekodi, hii picha ya skrini, haya makosa ya OCCT, na kwenye kompyuta ya rafiki yangu imefanya vilevile. Mwombe aiendeshe kwa kazi hiyo hiyo na kwa muda huo huo, mbele yako. Usiikubali dakika kumi.

Na kwenu ndugu zangu wauzaji na mafundi mnaounga kompyuta, nawaomba jambo moja linalowezekana. Kabla ya kufunga kasha, iendesheni mashine kwa mzigo mzito saa moja, mteja akiwepo kama anaweza, mwonyesheni joto na makosa, kisha mwandikieni matokeo nyuma ya risiti, pamoja na namba ya kadi na ya pawa saplai. Mteja atatoka na jana ya kompyuta yake mkononi, nanyi mtakuwa na pa kusimamia akirudi.